Mwanafunzi kapoteza hamu ya shule, jamii isaidieje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi na watu wa kawaida tu wanarudia kuyauliza kila tukikaa kuongelea watoto waliochoka na shule. Nimeyapa namba ili nikikuambia "angalia swali fulani" ulipate haraka. Sio lazima usome yote, nenda kwenye lile linalokuuma.

## Kwanza tuelewane

1. Mwanafunzi aliyepoteza hamu ni yupi hasa? Ni yule mtoro?

Mtoro ni mmoja wao tu, tena ndo rahisi kumwona. Mwaka 2004 watafiti watatu, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, waliligawa hili jambo mara tatu na mgawanyo wao unasaidia sana: kuna kushiriki kwa matendo (anakuja, anaandika, anajibu), kuna kushiriki kwa moyo (anaona pale ni kwao, kuna mtu anafurahi akimwona) na kuna kushiriki kwa akili (anahangaika aelewe, sio anakopi ubaoni basi). Mtoto anaweza kuwa na kimoja akakosa viwili.

Sasa fikiria yule anayefika kila siku, sare safi, daftari limejaa, hasumbui mtu, lakini ukimuuliza leo mmesoma nini anakutazama tu. Huyo mwili upo, moyo umeshaondoka zamani, na kwa kuwa hana fujo hakuna anayemuulizia. Mimi huyu ndo ananitia wasiwasi kuliko yule anayeruka uzio.

Kitu kingine, kuacha shule hakutokei siku moja. Jeremy Finn aliandika mwaka 1989 kwamba ni mzunguko wa muda mrefu: mtoto anashiriki kidogo, anafeli, anaanza kujiona sio wa pale, anashiriki kidogo zaidi, anafeli tena, hivyo hivyo mpaka siku anaacha kabisa na watu wanashangaa wakati dalili zilikuwepo miaka.

2. Si uvivu tu huo? Sisi mbona tulisoma kwa fimbo na tukafika?

Hili swali huwa linaulizwa kwa hasira na naielewa hasira yake, mzazi kajinyima halafu mtoto hafungui hata kitabu. Lakini neno uvivu linafunga mjadala kabla haujaanza, ukishamwita mtoto mvivu huna tena cha kuchunguza. Na waliosoma kwa fimbo wakafika ndo hao tunaowasikia, wale walioacha shule kwa sababu ya hizo fimbo hawaitwi kwenye mikutano kutoa ushuhuda.

Kabla ya kusema mvivu angalia vitu vya kawaida kabisa. Anaona ubaoni? Anasikia vizuri? Analala saa ngapi? Amekula? Kuna anayemwonea njiani au chooni? Kuna msiba nyumbani ambao hakuna aliyekaa naye akamweleza? Anajua kusoma kweli, au amevushwa darasa hadi darasa bila kujua? Hili la mwisho linajificha sana, mtoto mkubwa asiyejua kusoma ataona afadhali aitwe mkorofi kuliko aitwe mjinga, kwa hiyo anaanzisha fujo kila zamu yake ya kusoma ikikaribia (zaidi swali la 12).

Na mwili ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za Busia, Kenya, ambako wanafunzi walipewa dawa za minyoo, na kwenye matokeo waliyochapisha 2004 utoro ulipungua kwa karibu robo. Alama za mitihani hazikupanda, hilo nalo lisemwe, lakini watoto walikuwa darasani. Hakuna hotuba ya nidhamu iliyofanya hiyo kazi.

3. Kwa nini jamii? Walimu si ndo wanalipwa kwa kazi hiyo?

Kwa sababu mambo mengi yanayomtoa mtoto shuleni hayako shuleni. Mwalimu hana uwezo wa kujua kwamba mtoto anauza vitu mpaka usiku, au kwamba wazazi wametengana wiki iliyopita, jirani anajua. Halafu mwalimu mmoja ana watoto wengi mno, hata akiwa na moyo wa dhahabu hawezi kukaa na kila mmoja.

Ule msemo wa mkono mmoja haulei mwana tunausema sana kwenye sherehe, shida inakuja kwenye kugawana kazi. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alizipanga kazi hizo mafungu sita: malezi nyumbani, mawasiliano kati ya shule na nyumbani, kujitolea, kusaidia kujifunza nyumbani, kushiriki kwenye maamuzi ya shule, na kushirikiana na taasisi za jamii. Ukiangalia shule nyingi utakuta tunatumia moja tu, mawasiliano, tena ya upande mmoja: barua ya kumwita mzazi aje asikie mabaya ya mwanae.

4. Ukisema jamii unamaanisha nani?

Namaanisha mtu yeyote ambaye mtoto anaweza kukutana naye tena wiki ijayo. Bibi, mjomba, fundi, nesi wa zahanati, mkulima, kocha, kiongozi wa dini, mwenye duka la kushona, mwanafunzi aliyemaliza juzi. Sio lazima awe amesoma sana. Mgeni maarufu anayekuja mara moja kwa mwaka kutoa hotuba, anapigwa picha, anaondoka, huyo simkatai lakini usimweke kwenye mpango, yeye hajui jina la mtoto hata mmoja.

## Kuanza kazi

5. Sawa, tumekubali. Tunaanzia wapi?

Anzieni kwenye rejesta ya mahudhurio. Najua watu wanapenda kuanza na kikao kikubwa, kamati, mwenyekiti, katibu, ila majina ya watoto yapo tayari kwenye rejesta na hakuna anayeyasoma. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni asilimia 10: mtoto aliyekosa siku 1 kati ya 10, kwa sababu yoyote ile, hata kama ana ruhusa, huyo yuko kwenye hatari. Andikeni majina hayo. Halafu kila mwalimu aongeze wale wa swali la 1 wanaokuja ila hawapo.

Halafu chukueni orodha mkae mezani na watu wachache mnaowaamini, mwalimu mlezi, mwakilishi wa wazazi, mtu wa afya kama yupo, mkiulizana swali moja kwa kila jina: ni mtu mzima gani huyu mtoto anamwamini? Mkipata jina, huyo mtu ndo anaanza, hata kama ni mpishi wa shule au mlinzi wa getini. Msipopata jina hata moja, mmeshajua tatizo liko wapi.

Kuna mpango unaitwa Check & Connect, ulianza 1990 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na msingi wake ndo huu: mtoto mmoja, mtu mzima mmoja anayeangalia mahudhurio na maendeleo yake kila mara na kuwasiliana na nyumbani, na anajifunga kukaa naye kwa angalau miaka 2. Huhitaji kuununua mpango wao ili uanze, unahitaji watu wa kuaminika na daftari.

Na msianze na watoto wengi! Bora wachache mfike nao mwisho, kuliko darasa zima mkachoka kabla muhula haujaisha.

6. Nikikaa na mtoto mara ya kwanza nimwambie nini?

Maneno machache, usikilize zaidi. Kosa linalofanyika ni kumwita ofisini, watu wazima wanne upande ule, yeye peke yake upande huu, halafu anaulizwa "kwa nini hutaki shule?" Hilo swali halina jibu salama. Akisema ukweli anagombezwa, akinyamaza anaitwa jeuri, kwa hiyo anasema "sijui" na nyie mnaandika kwamba hajui anachotaka.

Jaribu hivi. Msikae mkitazamana, tembeeni au fanyeni kitu pamoja, bebeni madawati, mwagilieni bustani, mtoto anaongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Anza na unachokiona bila kuhukumu: "Nimeona Jumatatu na Jumanne hukuwepo, nikakukumbuka." Basi, nyamaza. Kama amejibu kifupi usimfukuzie. Uliza kitu ambacho yeye ndo mjuzi: nyumbani anasaidia nini, akiwa huru anafanya nini, ni somo gani zamani alikuwa analiweza. Hilo la "zamani" lina siri yake, mara nyingi mtoto atakutajia mwaka kabisa mambo yalipoharibika, na ukiuliza mwaka huo kulitokea nini unasikia stori nzima.

Usimwahidi kitu usichoweza. Usimwambie "naelewa unavyojisikia" kama huelewi. Na usimalize kikao cha kwanza kwa kumsainisha makubaliano ya kubadilika, mmejuana leo tu. Malizia na kitu kidogo cha hakika: "Alhamisi nitapita tena." Na Alhamisi upite kweli, maana ndo mtihani wako wa kwanza na yeye anasahihisha.

7. Wazazi hawaji mikutanoni, tufanyeje?

Swali la kujiuliza ni mkutano uko saa ngapi na wakija wanakutana na nini. Kama ni saa 4 asubuhi siku ya kazi, na miaka yote wakija wanasomewa michango na majina ya waliofeli mbele za watu, mimi pia nisingekuja. Kuna wazazi ambao wao wenyewe waliumizwa shuleni, wakiingia lile geti tumbo linakoroga.

Fanyeni kinyume, habari njema ziende kwanza. Mwalimu amtumie mzazi meseji fupi au amwambie mtu wa karibu amfikishie: "Leo mwanao kamsaidia mwenzie hesabu, nimefurahi." Hakuna ombi, hakuna mchango. Ikifika ya pili na ya tatu, siku ukipiga simu kuhusu tatizo unapokelewa kama mtu wao.

Na wapeni wazazi taarifa kamili, sio lawama. Kule Philadelphia, Marekani, Todd Rogers na Avi Feller walijaribu kutuma barua nyumbani kumwambia mzazi tu mtoto wake amekosa siku ngapi jumla. Matokeo yalichapishwa 2018: barua zile zilipunguza utoro sugu kwa asilimia 10 au zaidi. Kumbe wazazi wengi walikuwa hawajui, kila mmoja alidhani mwanae amekosa siku chache, maana siku moja moja hazihesabiki kichwani. Barua ilikuwa ya kawaida, haina vitisho. Kwa mzazi asiyesoma mtu apite amwambie kwa mdomo, kazi ni ile ile.

8. Mtu wa jamii akija darasani afanye nini? Aongee kuhusu maisha?

Hapana jamani, asihutubie. Afanye kazi yake mbele ya watoto, watoto waifanye nae, na mwalimu aonyeshe somo liko wapi ndani ya hiyo kazi.

Hapa kuna utajiri ambao shule nyingi zinaupita kila siku. Mwaka 1992 Luis Moll na wenzie waliandika kuhusu kazi yao na walimu wa Tucson, Arizona, ambako walimu walikwenda nyumbani kwa wanafunzi wenye asili ya Meksiko, sio kukagua umaskini, bali kujifunza familia zinajua nini. Wakakuta maarifa kibao: kilimo, ujenzi, biashara, dawa za asili, ufundi wa magari. Halafu wakayatumia kutengeneza masomo. Fikiria mtoto ambaye miaka yote ameambiwa kwao hawajasoma, leo mama yake anasimama darasani kama mtaalamu na mwalimu anaandika anachosema.

Mfano: fundi seremala. Anakuja na mbao, anawauliza wanafunzi apunguze wapi ili kona ikae sawa. Wengi watakisia. Halafu anaonyesha anavyopima 3, 4, 5 kwenye kona, pembe inakuwa ya mraba, na mwalimu wa hesabu anasema hiyo ndo Pythagoras mliyoikimbia wiki iliyopita. Kijana ambaye hajawahi kunyoosha mkono anapewa futi ya kupimia, anapima mwenyewe. Mshonaji anajua uwiano na eneo la kitambaa kuliko kitabu. Nesi anajua asilimia na vipimo vya dawa. Mkulima wa mboga ana hesabu za faida na hasara kichwani na zina maumivu ya kweli ndani yake.

Mambo ya kuzingatia: mwalimu na mgeni wapange pamoja kabla, angalau nusu saa. Mgeni aje zaidi ya mara moja, mara ya pili ndo watoto wanaanza kuuliza maswali ya maana. Na kazi iwe ya kweli inayobaki, benchi la kukalia au rafu ya vitabu, sio maonyesho ya kutupwa baadaye. Edward Deci na Richard Ryan wamefundisha kwa miaka mingi kwamba hamu ya ndani inakua mtu akiwa na vitatu: uhuru wa kuchagua kidogo, kuona anaweza, na kuwa na watu anaohusiana nao. Benchi moja lina vyote vitatu.

9. Tuwape zawadi wanaohudhuria vizuri?

Kwa uangalifu. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett mwaka 1973 walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora. Baadaye wale walioahidiwa wakawa wanachora kidogo kuliko wengine wakiachiwa wenyewe. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hamu yao haikushuka. Kwa hiyo usinunue kitu ambacho mtoto tayari anakipenda.

Na zawadi ya mahudhurio ina ubaya mwingine, anayekosa kwa sababu ya ugonjwa au shida ya nyumbani anaadhibiwa mara ya pili mbele ya wenzie. Sifa ya kweli inayotaja kitu alichofanya inatosha. Msaada wa chakula, daftari au nauli usiuite zawadi kabisa, hayo ni mahitaji na apewe hata kama jana hakuja.

## Kuendelea bila kuchoka

10. Mlezi wa kujitolea akae na mtoto muda gani?

Mwaka au zaidi, vinginevyo asianze. Nasema kwa ukali kwa sababu hapa nia njema inaumiza watoto. Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha 2002 uchunguzi wa vijana waliopangiwa walezi wa kujitolea: waliokaa nao mwaka mmoja na kuendelea ndo walinufaika zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi 3 walishuka, walijiona hawana thamani kuliko walivyokuwa mwanzo. Mtoto ambaye ameshaachwa na watu, ukija kwa furaha halafu ukapotea, umemthibitishia kile alichokuwa anaogopa.

Kwa hiyo muulizeni mtu kabla: utakuwepo mwaka ujao? Una kazi inayokuhamisha? Afadhali saa 1 kwa wiki isiyokatika kuliko siku nzima za mwezi wa kwanza. Ikibidi aondoke, aage mwenyewe, kwa sababu iliyo wazi, na amkabidhi mtoto kwa mtu anayejulikana.

11. Usalama wa watoto je? Tunawaamini vipi hawa watu?

Hamuwaamini tu, mnaweka utaratibu, na utaratibu ni wa wote, hata kiongozi wa dini, hata mtu tajiri aliyechangia madawati. Mtu aulizwe, atafutiwe watu wanaomjua wa kweli, na panapowezekana rekodi yake ya polisi ikaguliwe. Wakutane na mtoto mahali panapoonekana na watu. Hakuna kwenda nyumbani kwa mlezi, hakuna chati za usiku za siri kwenye simu, hakuna zawadi ambazo mzazi hazijui. Mtoto aambiwe waziwazi nani wa kumwambia kama kitu hakijakaa sawa, na huyo mtu awe si rafiki wa mlezi.

Anayekasirika kwa kuwekewa masharti haya, mwacheni aende.

12. Mtoto yuko nyuma mno kimasomo, hamu itatoka wapi?

Haitatoka popote mpaka aanze kuweza kitu. Kukaa saa sita kila siku ukisikiliza usichoelewa ni mateso, mtu mzima angekimbia siku ya pili. Shirika la Pratham la India, lililoanzishwa Mumbai 1995, limejulikana kwa njia rahisi: pima kila mtoto haraka anasoma herufi, maneno, aya au hadithi, halafu kwa saa chache za siku wagawe kwa kiwango badala ya darasa au umri, wafundishwe pale walipo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea wa mitaa yao wenyewe, waliopewa mafunzo mafupi.

Kwa mtoto mkubwa linda heshima yake. Usimpe kitabu chenye picha za watoto wachanga, tafuta maandishi mepesi ya mambo yake, mpira, biashara, habari, maelekezo ya ufundi. Njia nyingine ninayoipenda sana ni kumfanya awasomee wadogo, anapata sababu ya kurudia kitabu rahisi bila aibu.

13. Mtoto anasema "fulani kasoma na hana kazi." Nimjibu nini?

Usimjibu kwa kudanganya kwamba elimu ni uhakika. Anaona kwa macho yake. Mpe taarifa ya kweli na pana kuliko ya fulani mmoja. Robert Jensen alifanya hivyo Jamhuri ya Dominika, wavulana wa darasa la 8 walikuwa wanadhani kumaliza sekondari kunaongeza kipato kidogo sana kuliko ilivyo kweli, wakaelezwa takwimu halisi, na miaka 4 iliyofuata wakasoma kwa wastani miaka 0.20 hadi 0.35 zaidi (alichapisha 2010). Ila wale wa familia maskini kabisa taarifa peke yake haikuwasogeza, walihitaji na uwezo. Kwa hiyo ongea ukweli, halafu angalia swali la 16.

Kinachosaidia pia ni kumkutanisha na watu waliotangulia kidogo tu, miaka mitatu minne mbele yake, waeleze walivyopita na walipokwama.

## Kesi ngumu

14. Tuwapeleke gerezani wakaone mwisho wa wasiosoma?

Msifanye hivyo. Marekani walianza ziara za kutisha vijana miaka ya 1970 kwenye gereza la Rahway, New Jersey, zikasifiwa sana. Anthony Petrosino na wenzie walipokusanya majaribio 9 yaliyofanywa kwa umakini, vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Zaidi kabisa, sio sawa sawa. Wazo linaonekana la busara na linaumiza.

15. Basi tuwakusanye wakorofi wote kwenye kundi moja la ushauri?

Hapana tena. Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionya mwaka 1999 kwamba ukiwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia peke yao wanafundishana, anayesimulia kosa anapata vicheko na vicheko ndo mshahara. Wachanganye na wengine. Kwenye kazi ya lile benchi (swali la 8) wawe wawili watatu kati ya wengi, na kazi yenye jukumu, sio ya kukaa pembeni.

16. Mtoto anafanya kazi kulisha familia, hamu yake haina shida, muda hana.

Huyu asiitwe asiye na hamu, tumemwandika orodha isiyo yake. Hapa maneno ya kutia moyo ni dharau. Kaeni na familia mhesabu kile anacholeta, halafu muone jamii inaweza kubeba kiasi gani: chakula cha shuleni, mtu wa kumwangalia mgonjwa au mdogo wake asubuhi, mwajiri kubadilisha saa, shule kukubali ratiba ya mchana au ya jioni kwa muda. Kuna nchi zimelifanya hili kitaifa, Meksiko mwaka 1997 ilianza mpango wa Progresa wa kuwapa familia maskini fedha kwa masharti yakiwemo ya watoto kuhudhuria shule, na uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa wa wasichana. Mtaa hauna mfuko wa serikali lakini unaweza kubeba sehemu moja ya hesabu. Kama kazi yenyewe ni ya hatari au ya kunyonywa, hiyo ni ya ustawi wa jamii haraka, msisubiri kikao.

17. Binti amejifungua, anaogopa kurudi.

Anaogopa watu, sio masomo. Kabla hajarudi mwalimu aongee na darasa kuhusu heshima bila kumtaja, apatikane mtu mmoja wa kumsindikiza wiki za mwanzo, na mpango wa mtoto uwe wa kweli, nani, wapi, ananyonya saa ngapi. Watu wa dini na wazee wana nguvu kubwa hapa, wakisema hadharani kwamba anakaribishwa midomo mingi inafungwa.

18. Ni simu na magemu ndo yamemharibu?

Mara nyingine simu ndo sababu, hasa ikimnyima usingizi, hapo itoke chumbani usiku na wakubwa nao watoe zao. Mara nyingi zaidi amekimbilia huko kwa sababu gemu linampa vile vitatu vya swali la 8, anachagua, anaona anapanda ngazi, ana wenzie. Ukimnyang'anya bila kumpa mahali pengine pa kuvipata, amebaki na ukuta.

19. Ana akili sana ila anachoshwa na masomo.

Mpe kazi ngumu zaidi badala ya nyingi zaidi. Muunganishe na mtu wa mtaani mwenye ujuzi anaoutaka, redio, umeme, kuandika, mifugo, na shule ikubali kazi hiyo kama sehemu ya masomo yake. Asigeuzwe mwalimu msaidizi wa kudumu, naye ni mwanafunzi.

20. Je kama mwalimu mwenyewe ndo sababu?

Inatokea na watu wanaogopa kulisema. Kama ni kupiga, kudhalilisha au kumsogelea mtoto vibaya, hilo halisuluhishwi chini kwa chini na kamati, linaripotiwa kwa mkuu wa shule na mamlaka, na mtoto analindwa asiulizwe ulizwe na kila mtu. Kama ni mwalimu aliyechoka, anakuja kwa kulazimika, jua naye kapoteza hamu kama wanafunzi wake. Muulizeni anahitaji nini. Mzazi wa kusaidia kusahihisha mazoezi mepesi au wa kukaa na kundi moja wakati yeye anafundisha lingine anaweza kumrudisha mwalimu.

21. Tumejaribu yote, bado hataki.

Kwanza angalieni mmejaribu kwa muda gani na kama ni kweli yote au ni kitu kile kile kwa sauti kubwa zaidi. Halafu muulizeni yeye, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kwenye ibara ya 12 unampa haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu na hapa inatumika hasa. Inawezekana shule hii sio yake, labda chuo cha ufundi, labda darasa la jioni, labda kuhama kwa ndugu mwaka mmoja. Akinyamaza sana, akipoteza uzito, halali, anaongelea kufa au kujiumiza, achaneni na habari za shule, huyo anahitaji mtu wa afya leo na asiachwe peke yake.

Na akiondoka kabisa, yule mtu wake wa swali la 5 aendelee kumpigia. Wengine hurudi baada ya miaka, na mara nyingi hurudi kwa kupitia mtu ambaye hakuacha kuwasalimia.

22. Tutajuaje inafanya kazi?

Msisubiri mtihani wa mwisho wa mwaka, alama ndo za mwisho kubadilika. Kitu cha kwanza ni siku alizokuja, zihesabuni kila wiki mkilinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, sio na wenzie. Cha pili ni kazi alizokabidhi hata kama ana makosa. Cha tatu, muulizeni kila baada ya muda swali lile lile: kuna mtu hapa shuleni angejua kama usingekuja kesho? Jibu likibadilika kutoka hapana kwenda jina la mtu, liandikeni kwenye daftari pamoja na tarehe. Na kama baada ya muhula mzima hakuna kilichosogea kwa mtoto fulani, badilisheni njia au mtu kabla hamjaanza kumlaumu, halafu rudini kwenye orodha mchukue jina linalofuata.